Vyama vya akina mama waliosaidia wanajeshi wa Marekani na familia zao: vilibadilisha nini hasa?

MamaTariq aliuliza:

Waungwana, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, na kwa miaka miwili sasa ninaishi Texas, jirani na kambi ya jeshi, kwa kuwa mume wangu alijiunga na Jeshi la Marekani muda mfupi baada ya kupata kibali cha ukaazi. Mwezi uliopita nilialikwa kujiunga na klabu ya wake wa wanajeshi. Nilipomweleza mama kwa simu kwamba nimekaribishwa klabuni, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mume wangu ana habari, kwa maana kwetu kilabu ni mahali pa pombe. Ikabidi nimfafanulie kwamba ni chama cha akina mama chenye mwenyekiti, katibu na mhazini kama kile chake cha mtaani, isipokuwa hiki cha huku kinaendesha duka la mitumba ambalo faida yake husomesha watoto wa wanajeshi.

Sasa nimepewa kazi. Kila mwanachama mpya hutakiwa kuzungumza kwa dakika kumi kuhusu mwanamke au chama chochote kilichowahi kusaidia wanajeshi na familia zao. Walionitangulia wamezungumzia soksi zilizofumwa na keki zilizookwa wakati wa vita, na kila mara makofi yamepigwa, lakini mimi nimekuwa nikirudi nyumbani na swali lile lile. Mke wa askari ambaye mume yuko vitani, ambaye kodi ya nyumba imefika na mtoto anaumwa, alipata nini kutokana na soksi hizo? Naomba mnisaidie kujua vyama hivi vilianzaje, vilibadilisha nini katika maisha ya mke au mjane wa askari, na wanawake weusi walikuwa wapi katika habari hii. Nitashukuru nikipata mambo ya hakika, yenye miaka na majina, kwani wasikilizaji wangu wamezaliwa ndani ya historia hiyo na nisingependa kuumbuka mbele yao.

Mwalimu_Kitwana alijibu:

Mwanangu MamaTariq, nimefundisha historia kwa miaka mingi hapa Tanga, na swali lako limenifurahisha kwa sababu umelishika pale penye uzito. Nitaanza na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, maana huko ndiko vyama hivi vilikopata umbo ambalo mpaka leo havijaliacha: mwenyekiti, katiba fupi, daftari la michango na kamati ya kila jambo.

Vita vilipoanza, jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Rais Lincoln, halikuwa na hospitali wala ghala la kutosha kwa umati wa vijana waliojiandikisha. Akina mama wa miji na vijiji wakaanza kukusanya mashuka, bendeji, shati na vyakula, kila kundi likiwapelekea watoto wa kwao. Matokeo yake yalikuwa vurugu tupu, kwa maana kikosi kimoja kilizama katika jemu na kingine hakikuwa na hata blanketi. Ndipo serikali ilipoidhinisha, Juni 1861, Tume ya Afya ya Marekani, iliyokusudiwa kuunganisha maelfu ya vyama hivyo. Ofisi za juu zilishikwa na wanaume. Kazi ya kukusanya, kufungasha na kuhesabu ilifanywa na wanawake.

Mjini Chicago tawi la tume hiyo liliendeshwa na wanawake wawili, Mary Livermore na Jane Hoge. Mwaka 1863 fedha zilipokuwa zimekauka waliamua kufanya maonyesho makubwa ya biashara kwa ajili ya askari. Siku ya ufunguzi, mwishoni mwa Oktoba, wakulima waliingia mjini na msafara mrefu wa magari ya farasi yaliyojaa viazi na vitunguu, jambo lisilo la mapambo hata kidogo, kwa kuwa askari waliolishwa nyama ya chumvi na biskuti ngumu walikuwa wakiugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa mboga na matunda. Rais Lincoln alichangia rasimu ya tangazo lake la kuwakomboa watumwa, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, nayo ikauzwa kwa dola 3,000.

Lakini jambo ambalo ningekuomba ulibebe ni dogo kuliko hayo. Wakati wa maandalizi wanawake hao walihitaji jengo la muda, wakamwita fundi, wakakubaliana bei, na fedha walikuwa nazo benki. Fundi akawauliza ni nani atakayetia saini mkataba. Wakajibu kwamba watatia wao. Akawaeleza, bila ubaya wowote, kwamba wao ni wanawake walioolewa, na kwa sheria ya jimbo saini zao hazikuwa na thamani mpaka waume zao watie za kwao. Livermore alisimulia baadaye kwamba siku ile aliapa kuwa vita vikiisha ataanza vita vyake mwenyewe, na kweli mwaka 1869 alianzisha gazeti la kudai haki za wanawake. Mtu anayelisha majeshi hawezi kuandikiana mkataba na seremala! Kila nikilifundisha hilo darasani, wasichana hucheka kwanza, halafu hunyamaza.

Umeuliza wanawake weusi walikuwa wapi. Mtafute Elizabeth Keckley. Alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1818, akajifunza ushonaji hadi akawa fundi wa kutegemewa na mabibi wakubwa, na mwaka 1855 akajinunua yeye na mwanawe wa pekee, George, kwa dola 1,200. Baadaye alihamia Washington na kuwa mshonaji wa Mary Todd Lincoln, mke wa rais. George, ambaye rangi yake ilimruhusu kupita kama mzungu, alijiandikisha jeshini wakati ambapo weusi hawakuwa wakipokewa, akauawa katika mapigano ya Wilson's Creek, Missouri, Agosti 1861. Kwa hiyo Keckley mwenyewe alikuwa mama wa askari aliyekufa kabla hajawa mwanzilishi wa chama chochote.

Kiangazi cha mwaka 1862 Washington ilikuwa imejaa watu waliotoroka utumwa, ambao jeshi liliwaita kwa neno la kisheria lenye maana ya mali ya magendo iliyotekwa. Walilala katika vibanda, bila nguo wala dawa. Jioni moja Keckley alipita karibu na nyumba yenye taa na muziki, akaambiwa kwamba wazungu wanafanya sherehe ya kuchangia askari majeruhi. Akajiuliza kwa nini watu weusi walio na uwezo kidogo wasifanye vivyo hivyo kwa ajili ya wenzao. Alilitoa wazo hilo kanisani kwake, na katika muda wa wiki mbili chama kikawa kimesimama na wanachama arobaini. Mke wa rais alitoa dola 200. Frederick Douglass, mwanaharakati mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, alichangia na kukihutubia. Vijana weusi walipoanza kuandikishwa kwa wingi, chama kilibadili jina ili lijumuishe askari pamoja na waliokombolewa.

Na hapa usisahau mshahara. Askari mzungu wa cheo cha chini alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi alilipwa 10, na katika hizo alikatwa 3 za nguo, zikabaki 7. Wapo waliokataa kupokea hata senti moja kwa zaidi ya mwaka kuliko kukubali kudhalilishwa, na hadi Bunge lilipoanza kusawazisha mishahara Juni 1864, aliyelipa gharama ya msimamo huo nyumbani alikuwa mke. Chama kama cha Keckley kilifanya kazi katika pengo hilo.

BintiPangani alijibu:

Dada MamaTariq, mimi naishi Nebraska, na nitakutetea kidogo hizo keki, maana naona zinakaribia kudharauliwa.

Mji wa North Platte uko katikati ya jimbo hili, kwenye reli kuu ya mashariki na magharibi. Siku kumi baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, habari zilienea kwamba treni itapita imebeba Kombania D ya Walinzi wa Taifa (jeshi la akiba la jimbo) wa Nebraska, yaani vijana wa pale pale mjini. Watu mia kadhaa walikwenda kituoni na vyakula na zawadi za Krismasi. Treni ikafika, milango ikafunguliwa, kumbe ilikuwa Kombania D ya Kansas. Ulipita ukimya wa aibu, kisha mmoja akampa askari wa kwanza kile alichokuwa nacho, na wengine wakafuata. Msichana mmoja aliyeitwa Rae Wilson, muuzaji wa duka la dawa mwenye umri wa miaka 26, aliliandikia gazeti la mji akapendekeza kwamba jambo lile lifanywe kwa kila treni.

Walianza siku ya Krismasi ya mwaka 1941 na hawakuacha hata siku moja hadi tarehe 1 Aprili 1946. Treni zilisimama dakika kumi au kumi na tano tu kuongezewa maji, kwa hiyo kila kitu kilipangwa kwa saa: sandwichi zimekatwa, kahawa imemiminwa, magazeti yamefungwa mafungu. Kijana aliyesema kwamba ni siku yake ya kuzaliwa alipewa keki nzima aende nayo. Wasichana walifinyanga bisi kuwa matonge, na baadhi yao walificha ndani yake kikaratasi chenye jina na anwani, na ndoa kadhaa zilizaliwa humo. Inakadiriwa kwamba askari milioni sita walipita hapo, na miji na vijiji 125 vilipokezana zamu, vingine mbali sana, huku sukari, kahawa na petroli vikiwa kwa mgawo. Mvulana mmoja alikuwa akinadi shati alilolivaa kwenye minada ya mifugo, akibaki kifua wazi, na fedha zote zikienda kwenye kantini hiyo ya kituoni.

Nimewahi kupita pale. Kituo chenyewe kilibomolewa miaka ya 1970, na hakuna cha kuona isipokuwa kumbukumbu na mabehewa ya mizigo yanayopita bila kusimama. Ninachotaka kukuambia ni kwamba vijiji vile havikuwa na ofisa wa serikali wa kuviamrisha. Kila chama cha kanisa na kila klabu ya wake wa wakulima walijua tarehe yao ya mwezi, na ikifika, walikuja na mayai yao.

Kombo1961 alijibu:

Nimesoma kwa heshima, lakini naomba nimrejeshe dada kwenye swali lake, kwa sababu naona tumeanza kuponzwa na harufu ya keki. Aliuliza kuhusu kodi ya nyumba na mtoto anayeumwa. Mambo hayo hayakutatuliwa na vyama. Yalitatuliwa na sheria. Mwaka 1917 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyomlazimisha askari mwenye mke kukatwa dola 15 za mshahara ziende nyumbani, na serikali ikaongeza dola 15 juu yake, zaidi kidogo kwa kila mtoto. Mwaka 1942 ikaja sheria nyingine iliyompa mke dola 50 kwa mwezi, 22 kutoka kwa mumewe na 28 kutoka serikalini. Mwaka 1943 ukaanzishwa mpango wa matibabu ya uzazi bila malipo kwa wake wa askari wa vyeo vya chini, na kufikia ulipofungwa, wajawazito wapatao milioni moja na laki mbili walikuwa wamehudumiwa. Ni soksi zipi zilizofanya hivyo?

Kuhusu wanawake weusi, habari haiishii kwa Keckley na wala haikuwa na fadhila nyingi. Shirikisho kuu la vilabu vya wanawake la nchi nzima lilianzishwa mwaka 1890, na kwenye mkutano wake wa Milwaukee wa mwaka 1900 Josephine St. Pierre Ruffin alikataliwa kuwakilisha klabu yake ya wanawake weusi wa Boston. Alikubaliwa kuingia kwa niaba ya vyama vyake vingine vyenye wazungu, akagoma. Wenzake walikuwa wameshaunda muungano wao mwaka 1896 chini ya Mary Church Terrell, na huko ndiko alikotoka Addie Hunton, aliyekwenda Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kuwahudumia askari weusi. Kulikuwa na askari weusi wapatao laki mbili huko, na kwa muda mrefu wanawake weusi waliotumwa kuwahudumia walikuwa watatu tu. Hunton na mwenzake Kathryn Johnson walifundisha kusoma, waliandika barua za wasiojua kuandika, na vita vilipoisha Hunton alikaa Romagne, ambako vibarua wa kijeshi weusi walipewa kazi ya kufukua maiti za Wamarekani na kuzizika upya katika makaburi makubwa.

Nalo hitimisho lake ni hili. Mama wa askari waliouawa walijiunga mwaka 1928 wakaunda chama cha Mama wa Nyota ya Dhahabu, na kwa shinikizo la mama na wajane hao serikali ilikubali kuwalipia safari ya Ufaransa kuyaona makaburi. Kati ya mwaka 1930 na 1933 walikwenda wanawake zaidi ya 6,600. Wazungu walipanda meli za abiria za fahari. Mama weusi, ambao watoto wao walilala katika ardhi ile ile, walitengewa safari zao, katika meli za hali ya chini. Wapo waliokubali, kwa sababu kaburi la mtoto ni kaburi la mtoto. Wapo waliorudisha barua ya mwaliko.

Nasema haya nikiwa mtoto wa Dar es Salaam, ambako soko letu kubwa linaitwa Kariakoo kwa sababu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa vita hivyo hivyo. Wapagazi wengi walikufa na mishahara yao haikuwafikia jamaa zao. Wake zao hawakuwa na chama wala meli, hata hiyo mbovu.

BiZuhura_Tacoma alijibu:

Kaka Kombo, nakuunga mkono kwa nusu, na hiyo nusu nyingine nitakupinga. Mimi nimekuwa mke wa mwanajeshi kwa miaka kumi na tisa, na mwanangu wa pili alizaliwa katika hospitali ya kambi hapa jimbo la Washington. Kwa hiyo huo mpango wa uzazi ulioutaja naujua kwa asili yake, kwa maana chimbuko lake ni hapa hapa. Mwaka 1941 wake wa askari waliowafuata waume zao kambi ya Fort Lewis walikuwa wengi kuliko vitanda, na idara ya afya ya jimbo ikaomba ruhusa ya kutumia fedha za Ofisi ya Watoto ya serikali kuu kuwahudumia. Ofisi hiyo ndiyo iliyokuja kuendesha mpango wa nchi nzima. Sasa jiulize Ofisi ya Watoto ilitoka wapi. Ilianzishwa mwaka 1912 baada ya miaka ya kusukumwa na wanawake, na vilabu vya wanawake vikiwa mstari wa mbele kuwaandikia wabunge barua. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Julia Lathrop, na wakati wa mpango wa uzazi mkuu alikuwa Katharine Lenroot. Sheria yako, kaka, ilipikwa katika jiko la klabu. Ililiwa tu Bungeni.

MamaTariq mdogo wangu, nitakuongezea mawili ya karibu zaidi. La kwanza ni la Sybil Stockdale wa Coronado, California. Mumewe, rubani wa jeshi la majini, alitunguliwa Vietnam Septemba 1965. Maofisa waliwaagiza wake wa mateka wakae kimya, wasiseme na waandishi wala majirani, eti kimya kitawalinda waume zao. Alivumilia miaka mitatu, huku akikusanya wenzake nyumbani kwake, na mwaka 1968 akalieleza gazeti la San Diego kwamba mateka wanateswa. Kikundi kile cha sebuleni kikawa jumuiya ya taifa zima ya familia za mateka na waliopotea, iliyosajiliwa mwaka 1970. Mateka 591 waliporudi mwaka 1973, mumewe alikuwa miongoni mwao.

La pili halina sinema ndani yake, na ndilo ninalolipenda zaidi. Zamani mwanajeshi mstaafu alipofariki, pensheni yake ilikufa naye. Ulikuwapo mpango wa awali wa kumwachia mjane sehemu, lakini ulikuwa ghali na waliojiunga walikuwa wachache mno. Mtu alitumikia miaka thelathini, mkewe akahamahama naye kambi hadi kambi bila kupata kazi ya kudumu mahali popote, na siku ya mazishi alibaki na bendera iliyokunjwa pembetatu. Mwaka 1969, huko Annapolis, Maryland, wake na wajane wachache walikaa kwenye meza ya jikoni wakaunda chama kwa ajili ya jambo hilo moja. Mwaka 1972 Bunge likapitisha mpango wa mafao ya mjane. Siku hizi mstaafu hukatwa asilimia 6.5 ya kiwango cha pensheni alichokichagua, na akifariki mwenzi wake hupata asilimia 55 ya kiwango hicho maisha yake yote. Hata hapo vita havikuisha, kwa sababu mjane aliyepata pia fidia ya kifo kilichotokana na utumishi alipunguziwa mafao haya dola kwa dola. Wenyewe waliita kodi ya wajane, wakaipigania kwa miongo, na iliondolewa yote Januari 2023.

Ujue pia, mumeo akitaka kustaafu bila kujiunga na mpango huo, hawezi kuukataa peke yake. Iko fomu, DD 2656, yenye sehemu ambayo mke lazima atie saini mbele ya mthibitishaji rasmi wa saini (notary) kwamba amekubali. Jirani yangu mmoja aliwekewa karatasi mezani na mumewe pamoja na kalamu, akaambiwa ni mambo ya kawaida ya ofisi. Alikuwa amekwisha kuandika herufi ya kwanza ya jina lake aliposimama na kuja kunigongea mlango. Hakurudi kuimalizia.

Nisiwapambe mno, hata hivyo. Nilipoolewa, klabu ya wake wa maofisa ilikuwa yake na ya wake wa masajini ilikuwa yake, na mama mmoja aliwahi kuniuliza cheo cha mume wangu kabla hajauliza jina langu. Niliposema, alihamisha mkoba wake kutoka kiti kilichokuwa wazi akauweka tena pale pale. Vilabu vingi sasa vimeunganishwa. Ukiona mwenye tabia hiyo, mpishe, wewe nenda dukani ukapange nguo. Huko ndiko kazi iliko.

MamaTariq aliandika tena:

Mwalimu shikamoo, na nyote asanteni sana. Kaka Kombo, habari ya meli nilimsomea mume wangu, akaniomba niirudie sentensi ya kaburi.

Nilikuwa nimeamua kumzungumzia Keckley peke yake, na bado atakuwamo, lakini baada ya kusoma ya Bi Zuhura nimerudi kwenye mkataba wa Chicago ambao Mwalimu aliutaja. Mwaka 1863 mke wa mtu hakuweza kukodi seremala bila saini ya mumewe. Leo sajini mwenye nishani kifua kizima hawezi kulikataa fao la mjane bila saini ya mkewe. Katikati ya saini hizo mbili ndimo nitakamoziweka dakika zangu kumi: dola 7 za askari mweusi, mama waliorudisha mwaliko wa meli, na ile meza ya jikoni ya Annapolis. Keki za North Platte nitazitaja pia, kwa kuwa mwenyekiti wetu ni mtu wa Nebraska.

Swali moja limebaki, Mwalimu. Ile rasimu ya Lincoln iliyouzwa kwa dola 3,000 iko wapi sasa? Ningependa kuwaambia wanachama mahali pa kwenda kuiona.

Mwalimu_Kitwana alijibu:

Marahaba, mwanangu. Usiwaambie waende popote, maana iliteketea Chicago katika moto mkubwa wa mwaka 1871. Na ukimtaja Keckley, taja kwamba baadaye alipewa pensheni ya serikali akiwa mama wa askari aliyeuawa, dola 8 kwa mwezi kwanza, kisha 12. Ilimbidi kwanza athibitishe kwa maandishi na mashahidi kwamba George alikuwa mwanawe.